Pikipiki Ndogo ya Baba Yetu



Mji wetu wa Likasi ni mji wa watu wa chuma na shaba. Mtoto wa hapa, kabla hajajua kusoma, amekwisha kujua kupinda waya. Piteni Kikula au Panda saa za jioni, mtawaona watoto wakisukuma motokaa za waya zenye usukani mrefu wa fimbo na magurudumu ya vifuniko vya mikebe. Ng’ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Zambia, hali ni ile ile. Watu wazima hutazama, hucheka, hupita zao.

Sisi tuandikao maneno haya ni mmoja wa makatekista wa parokia mjini hapa. Umri wetu umepita miaka thelathini, tuna mke na watoto, lakini mchezo ule haujatutoka. Umebadilika tu. Badala ya motokaa za waya twatengeneza pikipiki za zamani, ndogo za kubebwa kwa mikono miwili, kila kitu kikiwa mahali pake na kwa kipimo chake. Hatununui kitu kilichotengenezwa tayari. Kila kipande chatoka katika takataka za mji na katika mikono yetu.

Watu wengine wametuuliza kama kazi hiyo yamfaa mwalimu wa dini, mtu aliyesomeshwa seminari. Swali lao si baya. Tungaliweza kujibu kwamba kazi ya mikono ni nzuri, na mambo yakaishia hapo. Lakini kwa sababu ya pikipiki ya kwanza tuliyoimaliza, jibu letu limekuwa refu zaidi. Twaomba mtuvumilie.

Kazi hii ilianza kwa ajili ya baba yetu. Mwaka 1964 alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, na mji ungali ukiitwa Jadotville. Jina la Likasi lilishika mahali pake mwaka 1966. Aliajiriwa katika karakana ya misioni moja ya upande huu wa Katanga. Kazi yake ilikuwa kuiosha na kuipaka mafuta pikipiki ya misioni. Ilikuwa Saroléa ya silinda moja, iliyotengenezwa Ubelgiji kabla ya vita kuu ya pili, nayo ilikuwa imekwisha kuzeeka baba alipoikuta.

Vijana wa leo wazijua pikipiki za India na China. Yafaa wajue kwamba zamani pikipiki nyingi za Wabelgiji zilitoka Herstal, mji ulio karibu na Liège. Pale palikuwa na viwanda vitatu: FN, Saroléa na Gillet. Wabelgiji wenyewe waliviita mabinti wa Herstal. Saroléa ilianzishwa mwaka 1850 na FN mwaka 1889, vyote viwili kwa kazi ya silaha. Ndipo mwanzoni mwa karne ya ishirini vikaanza kutengeneza pikipiki. Gillet ilifuata mwaka 1919. Kufikia mwaka 1970 vyote vitatu vilikuwa vimeiacha kazi hiyo.

Kwa wamisionari chombo hicho hakikuwa anasa. Mwaka 1925 Padri Otto Fuhrmann alikufa katika nchi iitwayo leo Namibia, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi penye matibabu. Rafiki yake, Padri Paul Schulte, aliyekuwa pia rubani wa ndege, aliumia moyo sana. Mwaka 1927 akaanzisha chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisionari vyombo vya safari: pikipiki, motokaa, mashua, hata ndege. Basi kijana aliyekabidhiwa pikipiki ya misioni alikabidhiwa kitu kikubwa. Baba alilijua hilo.

Miaka michache iliyopita macho ya baba yalianza kufifia kwa ugonjwa wa presha ya macho, mwishowe yakazimika kabisa. Akawa mtu wa kukaa chini ya mwembe, mikono juu ya magoti. Mikono ile ilikuwa imefanya kazi miaka hamsini, haikuzoea kukaa bure. Siku moja tulipokuwa tukimpa maji ya kunawa kabla ya kula bukari, alituambia, “Mwanangu, nyuso zenu zimeanza kunitoka. Lakini ile Saroléa naiona bado, hata skrubu zake.”

Neno hilo halikutuacha. Tuliwaza: mtu asiyeona kwa macho huona kwa vidole. Kwa nini tusimtengenezee pikipiki anayoweza kuishika?

Vijana wawili wa parokia walikubali kutusaidia, mmoja mchomeleaji wa chuma, mwenzake fundi wa redio. Tulianza kazi kila Jumamosi, baada ya mafundisho ya watoto. Tuliamua kwamba kila sentimita nane za pikipiki yenyewe ziwe sentimita moja kwetu. Baba alikumbuka namba zilizoandikwa kwenye tairi, maana alikuwa akiziosha. Kwa namba hizo tulijua kwamba gurudumu zima lilikuwa na upana wa sentimita sitini na sita hivi. Kwa hiyo letu likawa sentimita nane na robo. Nyumbani palikuwa na picha moja ya zamani, baba amesimama kando ya pikipiki. Tulipima gurudumu katika picha, na kwa kipimo hicho tukapata urefu wa kila kitu kingine: tangi, kiti, usukani, bomba la moshi.

Magurudumu ndiyo yaliyotutesa kwanza. Spoki nene milimita tatu, ukiigawa kwa nane, haifiki hata nusu milimita. Waya wa namna hiyo tuliupata katika dinamo iliyoungua, lakini haukuwa sawa, mahali pengine mnene, pengine mwembamba. Mzee mmoja akatukumbusha kazi ya wazee. Zamani wahenga wa nchi hii waliyeyusha mawe ya malakiti wakapata shaba, na Bayeke wa Bunkeya, watu wa Msiri aliyeuawa mwaka 1891, walijulikana kwa kuivuta shaba mpaka ikawa waya mwembamba wa bangili. Njia yao ni kuupitisha waya katika tundu la chuma, kisha katika tundu dogo zaidi, tena na tena. Tukatoboa matundu katika bamba la chuma gumu, tukapaka mafuta, tukavuta kwa koleo. Waya ukatoka sawasawa. Tulifurahi sana: watu wa umeme na simu, tumesaidiwa na mafundi wa bangili!

Baba alisema kila gurudumu lilikuwa na spoki arobaini. Tulipigilia misumari arobaini katika ubao, tukazungusha waya wa ukingo, tukazifunga spoki moja moja na kuzishika kwa lehemu. Gurudumu la kwanza lilipinda kama chapati iliyoungua. La pili likapinda kidogo. La tano ndilo tulilolikubali.

Injini tuliijenga kwa visahani. Silinda ya pikipiki ya namna ile ina mapezi mengi ya kupozwa na upepo. Tulikata visahani vikubwa na vidogo kutoka katika sufuria mbovu ya alumini, tukavipanga juu ya msumari, kikubwa kimoja, kidogo kimoja, mpaka mwisho, kisha tukasugua kwa tupa na msasa. Mabomba ya fremu yalikuwa mbavu za mwavuli. Matairi yalitoka katika soli nene za kandambili. Mnyororo ulituchukua wiki tatu, kwa kuwa kila kiungo kilikuwa na urefu wa milimita mbili tu, na macho yetu yalitokwa machozi jioni kwa taa ya betri. Watu wa biashara ya vyuma vikuukuu walituletea pia waya mzuri wa shaba, mpya kabisa, kwa bei ndogo mno. Hatukuuchukua. Katika mji huu kila mtu ajua waya mpya wa bei ndogo umekatwa wapi.

Tangi tulilifanya mwisho. Tungaliweza kulichonga kwa mti na kulipaka rangi, lakini tangi la kweli ni tupu ndani, na baba angeligonga kwa ukucha. Basi tukachonga kalibu ya mti mgumu, tukalaza bamba jembamba la shaba juu yake, tukapiga polepole kwa nyundo ya mti. Kila shaba ilipokuwa ngumu kwa kupigwa, tuliichoma moto na kuitia maji ikalainika tena. Kisha tukaunganisha nusu mbili kwa lehemu.

Hapa yatupasa kusema jambo moja. Picha ya nyumbani ilionyesha upande wa kulia tu. Upande wa kushoto hatukuuona. Baba alitusimulia mengi ya upande huo, na kila alichosema tulikifuata. Ila tulipomwuliza juu ya tangi, alijibu kwa ufupi, “Tangi ni tangi.” Tukachukulia kwamba pande zote mbili ni sawa. Tukalifanya laini kulia, laini kushoto, tukalisugua mpaka liking’aa kama kioo. Lilikuwa zuri. Vijana wetu walilipigia makofi.

Miezi tisa ilipita. Jumapili moja baada ya Misa tuliiweka pikipiki juu ya magoti ya baba. Mama aliacha kupepeta unga akaja. Watoto walinyamaza.

Baba alianza na gurudumu la mbele. Alihesabu spoki kwa ncha ya kidole, midomo ikicheza. “Arobaini,” akasema, akatabasamu. Akapanda kwenye uma wa mbele na springi yake, taa, usukani. Akagusa mapezi ya silinda, akayapitisha ukucha yakatoa sauti, akacheka kama mtoto. Akagusa kijiti cha gia kilichosimama kando ya tangi, akasema, “Hiki mmekifanya kirefu kidogo.” Ilikuwa kweli. Akaligonga tangi likalia. “Tupu,” akasema. “Vizuri.”

Kisha mkono wake wa kushoto ukapita juu ya tangi ukasimama. Ukarudi, ukapita tena. Kicheko kikaisha usoni mwake.

“Hapa si hivi,” akasema.

Tulimwuliza pana kosa gani. Hakujibu. Aliwaambia watoto waende kucheza. Ndipo akatueleza, kwa sauti ndogo, jambo ambalo hata mama alikuwa hajalisikia.

Siku moja mwaka ule wa 1964, msimamizi wa karakana akiwa safarini, baba aliitoa pikipiki bila ruhusa. Alitaka kwenda nayo mpaka mtoni na kurudi, basi. Katika mchanga gurudumu la mbele liliteleza, akaanguka, usukani ukageuka kwa nguvu ukalipiga tangi upande wa kushoto. Pakabonyea, upana wa yai la kuku. Aliirudisha akiisukuma, akaiosha, akaifunika turubali. Msimamizi aliporudi aliuliza. Ufunguo wa banda ulikuwa kwa kijana mwingine, rafiki ya baba, waliolala chumba kimoja. Kijana yule alisema hajui neno. Hakusadikiwa. Alifukuzwa siku ile ile, akaondoka na mkeka wake kichwani.

“Mimi nilikuwa nimesimama pale,” baba akasema. “Nilinyamaza.”

Tukamtajia ile picha. Akasema, “Picha ilipigwa baadaye. Ni mimi niliyeigeuza pikipiki, kibonyeo kisionekane.” Tena akasema, “Wanangu, kazi yenu ni nzuri kabisa. Ila tangi lenu linasema uongo, na uongo huo niliwapa mimi.”

Tulikaa kimya. Twaungama kwamba wazo letu la kwanza halikuwa la baba wala la rafiki yake. Lilikuwa la tangi. Wiki nyingi tulilisugua! Tukasema labda haina haja, jambo ni la zamani, nani atajua? Baba akauliza, “Mlisema mnatengeneza pikipiki ipi? Ile iliyokuwapo, au nyingine?”

Hatukuwa na jibu. Tulileta nyundo ndogo na bolti yenye kichwa cha mviringo. Alipapasa mwenyewe mpaka akapata mahali, karibu na pale goti la dereva linapoegemea. Kijana mchomeleaji alishika tangi, sisi tukashika bolti, na baba akapiga. Mara moja tu. Akapapasa. “Ndipo hapo,” akasema.

Tulidhani mambo yameisha. Kumbe kwake ndiyo kwanza yameanza. Alituomba tumtafute yule rafiki yake. Baada ya kuuliza huku na huku tulisikia kwamba yu hai, naye anakaa Kambove, mstaafu wa migodi. Tulikwenda naye Jumamosi, sisi tukiwa tumepakata pikipiki ndani ya sanduku la sabuni lililojaa vitambaa.

Mzee yule alitupokea kwa heshima, akatuletea viti na munkoyo. Walisalimiana kwa muda mrefu kama ilivyo desturi, wakaulizana habari za wake, watoto na wajukuu. Kisha baba akaomba sanduku. Aliiweka pikipiki magotini mwa mwenzake, akatafuta mkono wake, akaupeleka kidole mpaka kwenye kibonyeo.

“Ni mimi,” akasema.

Mzee alikaa kimya mpaka tukaona haya kuwapo pale. Mwishowe akasema, “Kazi nilipata nyingine mwaka ule ule, tena yenye mshahara mkubwa kuliko ule. Hilo silidai. Lakini mama yangu alikufa akiamini kwamba mwanawe ni mwongo. Hilo, ndugu yangu, utalirudishaje?”

Baba akajibu, “Siwezi.”

Hakusema zaidi, wala sisi hatukusema. Katika seminari tulifundishwa maneno mengi ya kuwafariji watu. Siku ile hatukuona hata moja lililofaa. Mzee akainuka, akawaita wanawe na wajukuu waliokuwa karibu, akamwambia baba, “Sema tena, wasikie na hawa.” Baba akasema tena yote tangu mwanzo, pamoja na habari ya ufunguo na mkeka, mbele ya watu wapatao kumi na watano. Mjukuu mmoja mdogo aliuliza kama pikipiki yaweza kwenda. Hakuna aliyecheka.

Tulipotaka kuaga, mzee akasema, “Hii iacheni hapa.” Tulishtuka. Tulikuwa tumeitengeneza kwa ajili ya vidole vya baba, naye alikuwa amekaa nayo majuma matatu tu. Lakini baba alikubali mara moja, akasema ndivyo alivyotaka. Neno la kusamehe mzee hakulitamka siku ile. Alitusindikiza mpaka barabarani, akamshika baba mkono asijikwae, akamwuliza, “Zile spoki, wakumbuka tulivyokuwa tukizikaza?” Tangu siku hiyo baba ameomba apelekwe Kambove mara mbili. Tunamfikisha, tunakaa nje na vijana. Wanayozungumza hatuyaulizi.

Sasa tumeanza pikipiki nyingine. Vijana wameichagua FN ya mwaka 1905, kazi ya injinia Paul Kelecom, yenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja. Injini yake haizungushi gurudumu la nyuma kwa mnyororo. Kazi hiyo hufanywa na mtaimbo wa chuma unaozunguka. Ilikuwa bado na pedali kama za baisikeli. Kazi yake ni ngumu kuliko ya kwanza, na silinda nne maana yake visahani mara nne.

Karakana yetu imepata sheria mbili mpya. Ya kwanza, hatuanzi upande wowote kabla ya kuona mchoro au picha yake, na tusichokijua twakiacha wazi bila kukifunika kwa kitu cha kubuni. Ya pili, kama chombo tunachokiiga kilikuwa na jeraha, nalo jeraha tutaliweka. Si rahisi. Mikono ya fundi hupenda kulainisha.

Basi, ndugu wasomaji, mtu akituuliza tena kama kazi hii yamfaa katekista, tutamwambia kwamba sisi tulifundisha amri ya nane kwa miaka mingi, tukiwasomesha watoto kwa kinywa. Maana yake nzito tulijifunza kwenye kipande cha shaba kisichozidi kiganja, siku baba yetu alipoomba nyundo.

Na kama nyumbani mwenu mnaye mzee aliyefanya kazi za zamani, mgodini, relini au karakanani, msingoje. Mwulizeni leo kitu alichokishika kilikuwaje, pande zote mbili. Pengine atawaambia, “Ni kawaida tu,” nanyi mtaridhika kama tulivyoridhika sisi. Mwulizeni mara ya pili.